Vigingi vya Baba

Jua likipanda, mataruma ya reli inayopita nyuma ya shule yetu hapa Kasaji hutoa harufu ya lami, ile nyeusi wanayoyapaka yasiliwe na mchwa, na mimi huziba pua kwa ukosi wa shati. Wenzangu hucheka. Wanasema mtoto wa porini anajifanya mzungu. Siwajibu. Maneno yangu hufika kinywani yakiwa yamechelewa, wenye kuuliza wameshageukia mambo mengine. Ndiyo maana nina daftari.

Leo mwalimu wa historia ametuambia kila mmoja aeleze jinsi makao ya kwao yalivyoanza. Mwanafunzi mmoja anayetoka upande wetu akasimama upesi, akaeleza habari za kijiji chetu kama katekista anavyozieleza kila mwaka wakati wa kutoa shukrani ya mavuno: kwamba watu wa mjini walifukuzwa, wakafika porini, wakasimika miti mikavu, Mungu akaiotesha majani, na wenyeji walipoona ishara hiyo wakawapokea kwa mikono miwili. Darasa likapiga makofi. Mimi nikainamia dawati. Mikono miwili! Hakuna aliyetupokea. Na aliyeiotesha ile miti ninamjua, kwa sababu ni mimi.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi wa umri wangu, mnaopenda hadithi ya katekista. Hii ni ile nyingine.

Tulikuwa tunakaa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni, nyumba za matofali zilizofanana kama mayai. Baba alikuwa na kazi ya upimaji ardhi. Siyo mpima mkubwa mwenye darubini. Alikuwa yule anayetangulia mbele na uzi na fimbo za rangi nyekundu na nyeupe, anayesimika kigingi pale anapoonyeshwa kwa mkono. Lakini mimi niliamini kwamba Kolwezi yote imenyooka kwa sababu yake. Nikiona barabara, nilidhani Baba ameichora asubuhi kabla ya chai.

Kwanza ikanyamaza sireni ya kazi. Nilikuwa nimezoea kuamshwa nayo, hata siku ilipokosa kulia nilibaki kitandani nikingoja ruhusa ya kuamka. Halafu kantini ya kampuni ikakosa unga, ikabaki na sabuni, kisha ikabaki na mlinzi tu. Wanaume wakawa wanakaa mbele ya nyumba zao mchana kutwa, jambo ambalo nilikuwa nimeliona matangani tu. Na watu wakikaa hivyo bila kazi, lazima apatikane mtu wa kulaumiwa. Wakatupata sisi.

Baba alizaliwa palepale Kolwezi. Kasai, nchi ya wazazi wake, hakuwahi kuiona hata siku moja. Lakini jina lake lilikuwa la Kasai, na hilo lilitosha. Mama ni Mlunda wa upande wa Sandoa. Mimi basi nilikuwa wa kufukuzwa nusu. Walituita bilulu, wadudu. Mama Josefina wa nyumba ya pili, aliyekuwa akinisuka kila Jumamosi, siku hiyo alinisuka upande mmoja wa kichwa, akasimama, akapangusa mafuta mikononi kwa kanga yake.

"Nywele ya kilulu, mi sisuke tena. Enda kwenu."

Nikaenda kwetu, mlango wa tatu kutoka hapo, nywele upande mmoja zimesukwa na upande mwingine zimesimama. Mama akatoka nje akiwa na mwiko mkononi.

"Josefina! Kichwa ya mutoto ilikukosea nini?"

"Mama, siye hatuna shida na weye. Weye ni mwana wa hapa, ubaki. Ila ule bwana yako apande treni yake."

"Treni yake? Alinunua treni lini? Angekuwa na treni, singekuwa napika paka lenga-lenga tu, mchicha kila siku!"

Watu walicheka, hata Josefina alicheka. Lakini kesho yake mlango wetu ulikuwa na msalaba wa makaa, na keshokutwa vijana walikuja, wakamwambia Baba achukue anachoweza kubeba.

Tulikaa stesheni siku tatu. Watu walikuwa wamejaa kuanzia ukuta hadi kwenye reli yenyewe, na masufuria, na magodoro, na wagonjwa. Mimi nilikalia taruma, na lami iliyoyeyuka kwa jua ikashika gauni langu, na harufu yake ikachanganyika na harufu ya watoto wenye kuharisha. Treni ya kwenda Kasai ilipofika, watu walipanda kwa madirisha. Baba alinyanyua mguu. Mama akamshika mkanda wa suruali kwa mikono yote miwili.

"Ukipanda, unapanda na mi. Na mi siende."

Baba akashusha mguu. Tangu dakika ile nilikuwa na jambo moja tu moyoni: Baba asipande treni. Mengine yote yangenipita. Nilikuwa na miaka minane na niliona kwamba treni ile haimrudishi mtu.

Karibu nasi alikuwepo mzee mmoja fundi cherehani, Tata Kalala, Mkasai kama Baba, mjane, ambaye naye alisukumwa akakosa nafasi. Mama akamwambia, "Tata, kuya na siye." Akaja. Lori la mchuuzi mmoja wa chumvi lilituchukua tukielekea magharibi, na ndani yake tulikuta watu wengine wa kambi yetu, siyo Wakasai, ila watu waliochoka kungoja kampuni ifufuke. Walikuwa wamesikia kwamba mjomba wa Mama ni shefu wa kijiji na ana ardhi tupu. Kiongozi wao alikuwa Tata Dede, fundi wa injini, aliyekuja na mtoto wake Bijou, msichana wa rika langu. Njiani Mama alinifundisha majina: la mama yake, la bibi yake, la mama wa bibi yake. "Ukiulizwa unatoka wapi, usiangalie chini. Utaje." Nikayarudia hadi ulimi ukakauka na vumbi.

Mjomba alikuwa mtu mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alimsalimia Mama. Aliwasalimia akina Dede. Baba alinyoosha mkono, na mkono ule ulibaki hewani.

"Ule ni nani?" Mjomba alimuuliza Mama.

"Ni bwana yangu."

"Mi sikukula kitu ya ndoa yake. Simujue."

"Mujomba, banatufukuza Kolwezi."

"Nilisikia. Hata huku redio inasemaka." Akaangalia miguu ya Baba, viatu vyake vya kampuni. "Mukaikale kule ng'ambo ya mto, kwa itongo. Udongo ukimukubali, atabaki. Ukimukatala, reli iko pale, si mbali."

Itongo ni mahali palipokuwa na kijiji zamani kikahamwa. Watu wa Mjomba hawakutaka kuishi hapo, ndiyo maana tulipewa sisi. Palikuwa na majani marefu, vichuguu, vipande vya vyungu, na mti mmoja mkubwa mweupe uliosimama peke yake. Lakini mimi sikusikia neno jingine ila lile moja. Udongo ukimkubali. Nilidhani udongo una namna ya kusema. Nikaanza kuusikiliza.

Ninyi mnaotoka vijijini mngecheka kutuona. Watu wa mjini walikuja na pasi, na saa za ukutani, na redio zisizo na betri, lakini jembe zima lilikuwa moja. Hatukujua kwamba nyasi za kuezekea hukatwa zikiwa zimekomaa. Mama mmoja alilia kwa sababu hakuna mahali pa kuchomeka waya wa taa. Na Baba, badala ya kulima, alitoa uzi wake mfukoni.

"Tupime kwanza," akasema. "Kila jamaa na parsele yake, kiwanja yake. Barabara mbili, nyumba zitazamane. Muji ikianza kombo, inakufa kombo."

"Mupima," Tata Dede akamwambia, "tutakula mistari?"

Watu wakacheka, lakini wakakubali, kwa sababu mistari ilikuwa kitu walichokizoea. Hawakujua kuishi mahali pasipo na namba ya nyumba. Vikahitajika vigingi. Miti ya msituni ilikuwa migumu na yenye mafundo. Baba akauendea ule mti mweupe wa itongo, akaona matawi yake ni manyoofu, laini, shoka linaingia kama kisu kwenye sabuni. Akakata. Ilikuwa majira ya baridi, mti hauna jani hata moja, na kila tawi lilipokatwa lilitoa utomvu kidogo. Akasimika kigingi mbele ya mahali pa kila mlango, kumi na vinne. Chetu kilikuwa cha mwisho, karibu na mto. Kabla yake kilikuwa cha Tata Kalala, na kabla ya hicho cha akina Bijou.

Ng'ambo ya mto watoto wa kijiji walitungoja tukienda kuteka maji, wakiwa na madongo mkononi. Waliturushia sote. Lakini Bijou, badala ya kuwarudishia wao, alinigeukia mimi.

"Ni juu yako. Tata anasema kama tusingekuya na baba yako, bangetupendaka."

"Baba hakuwafanyia kitu."

"Baba yako ni kilulu. Na weye ni kilulu nusu. Kichwa yako njo nusu ya kilulu, ile ya kusimama." Alikuwa anakumbuka nywele zangu. Niliwaza jibu njia nzima, na nilipolipata tulikuwa tumeshafika nyumbani na yeye ameshaingia kwao. Nilimchukia. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi moja nilisukutua mdomo, nikamwaga maji yaliyobaki kwenye kopo chini ya kigingi chetu, kwa sababu kilikuwa karibu tu. Nikafanya hivyo tena kesho, na keshokutwa. Siku moja, kabla ya mvua yoyote, wakati nyasi zote ni majivu, nikaona kwenye ganda jeupe la kigingi kitu kidogo cha kijani, kama ncha ya ulimi.

Nikajua. Udongo umesema.

Sikumwambia mtu. Nilichuchumaa pale hadi miguu ikafa ganzi. Kisha wazo likanijia: kama udongo umemkubali Baba peke yake, wale wengine watafukuzwa. Nami nilikuwa nimeona stesheni. Nilimchukia Bijou, lakini sikutaka akalie taruma. Basi nikaanza kumwagilia vyote. Nilikuwa na kopo la nyanya lenye kamba ya kushikia. Kila alfajiri, watu wakiwa bado ndani kwa ajili ya baridi, nilikwenda mtoni na kurudi, mtoni na kurudi, kopo moja kwa kila kigingi, kumi na vinne. Vidole vilipasuka. Kigingi kilicholegea nilikishindilia udongo kwa kisigino. Tata Kalala, maana wazee hawalali, alinikuta mara nyingi mlangoni pake. Hakuuliza. Alisema tu, "Asubuhi njema, mama mudogo," akarudi ndani. Na Bijou aliniona mara moja, akiwa ametoka kukojoa. Alisimama na blanketi kichwani, akaniangalia nikimwagilia kigingi chao, akaangalia kopo, akarudi kulala. Alipoona cha kwao kinatoa majani, alianza kuanikia juu yake soksi zake.

Vigingi vyote vikaota. Hapo ndipo watu walipocheka kweli. "Mupima analima bijiti!" Tata Dede alisema. "Tutavuna nini, mistari mibichi?" Hata Baba alicheka, kwa mara ya kwanza tangu stesheni. Alishika majani ya kigingi chetu kwa vidole viwili, akasema hajawahi kuona kitu kama hicho katika kazi yake yote. Mimi nilikuwa nyuma yake na kopo langu limefichwa ndani ya gauni.

Mvua ikaja. Tukapanda mahindi, tukapanda mihogo tukiilaza vibaya, halafu tukaifukua na kuilaza upya. Mahindi yalikuwa yamefika magotini siku bibi mmoja kutoka ng'ambo alipopita na kikapu cha uyoga. Alikuwa anakata njia tu. Alifika mwanzo wa barabara yetu ya kwanza, akatazama milango, akashusha kikapu chini, akajiziba mdomo kwa kiganja. Mama alimkaribisha kwa Kilunda. Bibi hakumjibu. Akageuka, akaacha uyoga palepale.

Siku ya pili yake, jua likiwa utosini, Mjomba akavuka mto na wanaume wapatao kumi. Walikuwa na mapanga, lakini kila mtu porini ana panga. Kilichonitisha ni kwamba hawakutusalimia. Walipita mlango hadi mlango, wakigusa majani. Walipomaliza, Mjomba akasimama katikati ya barabara, na sisi sote tukatoka.

"Nani alikata muyombo?"

Hakuna aliyejua muyombo ni nini, hata Mama aliyekulia mjini. Mjomba akaonyesha ule mti mkubwa mweupe kwenye itongo, na mahali matawi yake yalipokatwa.

"Ile ni ya mama ya mama yangu. Muntu akikufa, ule anapokea jina yake njo anasimika muyombo mbele ya mulango. Haisimikwe na muntu yote tu. Ukisimika, unasema: ule mufu ni wangu, na inchi hii ni yangu. Sasa mi naona kumi na ine. Mweye bantu ya muji, mulikuya na soksi, leo muko na bantu bangu benye kufa kumi na ine?"

Baba akapiga hatua mbele. Alivua kofia.

"Tata Shefu, ni mi nilikata. Sikujua. Nilikuwa natafutaka tu bijiti bya kunyooka."

"Bya kunyooka," Mjomba alirudia, na wanaume wake wakatoa sauti puani.

Ndipo Tata Dede alipojitokeza. Alikuwa anatoka jasho hata shingoni. "Tata Shefu, umesikia mwenyewe. Siye hatukukata. Siye ni bantu ya hapa-hapa, batoto ya Katanga. Ni huyu Mukasai. Sawa vile banabafanyia Bakasai kule Kolwezi. Aende na treni yake, siye tubaki, mambo ikwishe."

"Dede!" Mama alisema. "Jana ulikula kwangu."

"Nilikula, ndiyo. Bukari ni ugali, haiko paspoti."

Na wengine wakaitikia. Siyo wote kwa sauti. Mmoja alisema "kweli," mwingine akaangalia chini akitikisa kichwa kwa kukubali. Watu waliokuwa na milango iliyonyooka kwa sababu ya uzi wa Baba. Tata Kalala peke yake alinyamaza, akiwa amekalia kigoda chake. Mimi nilikuwa nimeshika kanga ya Mama, na masikio yangu yalikuwa yanavuma kama reli treni inapokaribia.

Mjomba hakumsikiliza Dede kwa muda mrefu. Alikuwa anamwangalia Baba.

"Kukata, ninaweza kusema ni ujinga. Mujinga anakata. Lakini muyombo ya kusimikwa na baridi haishike bila maji. Hii ilimwangiwa maji, siku na siku, mbele ya mvua. Kama ni weye ulimwangia, ulikuwa unajua kabisa unaiba nini. Na utaenda leo."

"Haina mi," Baba alisema.

"Basi ni nani?"

Baba hakujua. Niliona usoni kwake kwamba hajui, na kwamba asiyejua ndiye atakayeondoka. Maneno yangu, kwa mara ya kwanza na labda ya mwisho, yalifika kwa wakati.

"Ni mi."

Mama alinibana bega. Mjomba akachuchumaa mbele yangu. Alinuka tumbaku.

"Weye? Katoto ya mama gani?"

"Huyu." Kisha sikuangalia chini. Nikataja. Jina la mama yake Mama, la bibi yake, la mama wa bibi yake, kama nilivyorudia ndani ya lori. Nilipofika la mwisho, mmoja wa wale wanaume akashusha panga, akaegemea mpini wake. Lilikuwa jina la mwenye mti.

Mjomba akageuka, akazungumza na wenzake Kilunda, taratibu, na Mama akaanza kulia bila sauti. Baadaye alinieleza maana yake: mtoto wa binti yetu ni sisi. Akiumwagilia muyombo wa bibi yetu, ni sisi tumeumwagilia. Mti wa namna hiyo haujaibwa, na mlango wake una mwenyewe. Na baba wa mtoto huyo anakaa kwa mtoto wake, nani atamfukuza?

Lakini mimi niliyaelewa palepale, bila Kilunda, kwa jinsi mikono ya Mjomba ilivyolegea.

"Ulimwangia bijiti gani?" akaniuliza, sauti nyingine kabisa. "Yote, ao moya?"

Nitaandika polepole hapa. Niliangalia barabara ya Baba. Majani yalikuwa yanameremeta kwa mvua ya usiku. Nilimwona Tata Dede akipangusa shingo, tayari ametabasamu kidogo, kwa sababu na yeye alishaelewa kwamba kuna mlango unafunguka. Nilimwona Bijou nyuma yake. Kama ningesema yote, wangebaki wote, kwa jina langu. Nilijua hivyo. Msidhani sikujua kwa sababu nilikuwa mdogo.

"Paka moya tu," nikasema. "Ule ya kwetu."

"Na hizi zingine?"

"Sijue."

Mjomba akainuka. Magoti yake yalilia. Akawageukia wale wengine, na uso wake ulikuwa umerudi kama mwanzo.

"Basi hizi zingine mulimwangia mweye benyewe."

"Siye?" Tata Dede alipaza sauti. "Tata Shefu, hata tone! Juu ya nini tumwangie fimbo?"

"Uliza majani yako."

Bijou akafungua mdomo. "Tata, mi nilimuona, alikuwa na..."

"Nyamaza!" Dede alimpiga kofi la shavu bila kumwangalia. "Bantu bakubwa banasema!"

Bijou akashika shavu. Alinitazama kwa jicho moja, jingine lilikuwa linatoka machozi. Mimi nikamtazama Tata Kalala. Yeye alijua. Alikuwa ameniona kwenye mlango wake asubuhi nyingi. Angesema neno moja. Alikuwa ameegemeza mikono kwenye magoti, akaniangalia muda, akamwangalia Baba, kisha akaanza kukagua ukucha wa kidole gumba kana kwamba una sindano ndani yake. Hadi leo sijui alininyamazia mimi au alimnyamazia Baba.

Mjomba alitoa kibonge cha pemba, chokaa nyeupe ya mtoni, akanipaka pembeni mwa macho na mkononi, akapaka pia kigingi chetu. Vile kumi na vitatu viling'olewa na wenyewe, kwa mikono yao, mbele ya mapanga. Vilikuwa vimetoa mizizi mieupe mirefu. Amri ilikuwa kwamba mahali ulipong'olewa mti ule pasilale mtu tena.

Waliondoka siku nne baadaye, na saa zao za ukutani. Wengine walirudi Kolwezi, wengine walifuata reli. Bijou alipita na godoro kichwani, hakunitukana. Nilikuwa nimetayarisha jibu la tusi lolote, na hakunitukana. Baadaye walikuja ndugu za Mama, wakajenga kwenye viwanja vilevile vilivyonyooka baada ya Mjomba kuvitakasa, na mwishoni akaja katekista na hadithi yake. Mwaka wa pili mihogo iliyopandwa na akina Dede ilikomaa. Tuliichimba sisi. Ilikuwa mikubwa kuliko yetu.

Mnataka niseme kwamba najuta. Siku nyingine najuta. Siku nyingine namwona Dede anatabasamu pale na shingo yake ya jasho, na ningesema vilevile tena. Lakini Tata Kalala hakuwa amenikosea kitu.

Yeye hakuwa na mahali pengine. Baba alimsindikiza hadi kwenye reli na baiskeli, wakangoja treni ya kwenda huko ambako wote wawili hawakuwahi kufika. Baba alirudi mchana wa siku iliyofuata. Alinawa mikono, akakaa. Mama alikuwa ameshaweka bukari na sombe, kisamvu.

"Amepanda?" Mama akauliza.

"Amepanda."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu."

Kulikuwa kimya barabarani. Hakuna aliyebishana, hakuna aliyepiga redio mbovu kwa kiganja ili iseme. Baba alinigeukia. Alikuwa mtu wa kuangalia vitu kwa jicho moja, kwa sababu ya kazi yake, lakini safari hii aliniangalia kwa yote mawili.

"Ulimwangia moya tu?"

"Moya tu, Baba."

Akaniangalia hadi nikahisi kama ile pemba bado inanikaza ngozi. Kisha akakata tonge kwenye bukari, akaliweka upande wangu wa sahani.

"Kula," akasema.

Nikala.